Kawaida ya wiki gani? MRI na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Karatasi ya majibu ya altrasaundi huwa fupi. Mama aliyepewa rufaa kutoka Mpwapwa au Kondoa kuja Dodoma mjini anaweza kurudi nyumbani na mistari michache tu: kichwa kimetangulia, moyo unadunda, kondo limekaa juu, maji yanatosha. Kisha unakuja mstari wa mwisho unaosema chumba cha maji cha ubongo wa mtoto kina milimita 11, na chini yake agizo la kurudia kipimo baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo hazilaliki. Wifi atasema kwao hakuna vichwa vikubwa, jirani atamkumbuka mtoto wa fulani aliyepelekwa Muhimbili, na simu itamfungulia picha za vichanga wenye vichwa vilivyojaa maji.

Swali lake ni moja: ubongo wa mwanangu ni wa kawaida? Nataka kueleza namna watafiti wanavyolitafutia jibu kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, kwa sababu jibu lenyewe linapita kwenye jambo ambalo kliniki hakuna nafasi ya kulieleza. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hauna kawaida moja. Una kawaida ya wiki ya 20, una ya wiki ya 26, una ya wiki ya 34, na zinatofautiana kiasi kwamba umbo lililo sahihi kabisa wiki ya 20 lingekuwa ugonjwa mkubwa likionekana wiki ya 34. Anayetafiti ubongo wenye afya anatafuta vipimo vya kila wiki, kimoja baada ya kingine. Na vipimo hivyo havina faida kwa mtoto ambaye wiki zake hazijulikani. Hapo ndipo Dodoma inapoingia katika habari hii, na nitafika.

Kabla ya MRI, tulichojua kuhusu ubongo unaokua tumboni kilitoka kwa waliofariki. Mwaka 1977 madaktari watatu wa Marekani, Chi, Dooling na Gilles, walichapisha kazi iliyochunguza ubongo wa vijusi na vichanga 507, kuanzia wiki ya 10 hadi ya 44, wakaandika kila mkunjo mkubwa hutokea wiki ipi. Majedwali yao yanatajwa hadi leo, na yanastahili heshima. Lakini mtoto anayefia tumboni mara nyingi amekufa kwa sababu fulani, na sababu hiyo huenda iligusa ubongo wake. Ubongo ukishatolewa kwenye fuvu hulegea, na dawa ya kuhifadhia hubadilisha ukubwa wake. Tena huwezi kuutazama ubongo huohuo mwezi unaofuata, wala kujua mtoto yule angetembea lini na kusema lini. Kwa miaka mingi tulijifunza uzima kutoka kwenye mauti, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Altrasaundi ilifungua dirisha la kwanza, na bado ndicho kipimo kikuu. Ni nafuu, inabebeka, na inafika hadi vituo vya afya. Udhaifu wake kwa ubongo ni mfupa. Mawimbi ya sauti yakigonga fuvu hurudi nyuma, na nusu ya ubongo iliyo karibu na kifaa hufunikwa na mwangwi. Kadiri mimba inavyosogea fuvu linakomaa, na kinachoonekana kinapungua. Kichwa kikishashuka kwenye nyonga, au maji ya uzazi yakiwa machache, kazi inakuwa ngumu zaidi.

MRI haijali mfupa, kwa sababu inachosikiliza ni maji. Ubongo wa mtoto aliye tumboni ni maji karibu asilimia 90. Kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni, na kiini cha haidrojeni, yaani protoni, kina usumaku wake mdogo. Mama akilala ndani ya mashine ya tesla 1.5, nguvu inayozidi usumaku wa dunia zaidi ya mara 30,000, protoni hizo huelemea upande wa sumaku kubwa. Mashine hutuma mawimbi ya redio ya takriban megahezi 64, chini kidogo tu ya masafa ya vituo vya FM. Ndiyo maana chumba cha MRI huzungushiwa shaba, ili redio za mjini zisiingie kwenye picha. Protoni hupokea nguvu hiyo, huyumba, kisha zikirudi kwenye utulivu hutoa mawimbi yao wenyewe. Maji yaliyo huru huchelewa kutulia. Maji yaliyobanwa katikati ya seli nyingi huwahi. Tofauti hiyo ndiyo inayochora picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Nobeli mwaka 2003 kwa kuonyesha jinsi ya kujua kila wimbi limetoka sehemu gani ya mwili, na bila hatua hiyo tungekuwa na ishara tupu isiyo na picha.

Hakuna eksirei humo, wala mionzi inayovunja vinasaba. Wasiwasi wa wazazi hata hivyo ni wa haki, na umefanyiwa kazi. Utafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, ulipitia kumbukumbu za uzazi zaidi ya milioni 1.4. Akina mama waliopigwa MRI katika miezi mitatu ya kwanza hawakuonekana kuwa na madhara zaidi ya wenzao. Waliodungwa gadolini, dawa inayotumika kuongeza mwonekano wa picha, walikuwa na matatizo zaidi kwa watoto wao, na kwa hiyo dawa hiyo huepukwa kwa mjamzito. Watafiti wa ubongo wenye afya hawaihitaji kabisa. Wengi wao hungoja mpaka wiki ya 20 hivi, kwa kuwa kabla ya hapo ubongo ni mdogo mno kwa mashine kuuona vizuri. Mama hulazwa kwa ubavu wa kushoto ili mimba isikandamize mshipa mkubwa wa damu unaorudi moyoni, huwekewa vizuia kelele masikioni, na joto la mwili hudhibitiwa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mtoto mwenyewe, kwa kuwa hatulii. Anapiga teke, anageuka, anameza maji, ananyoosha mkono. Mama naye anapumua, na kila pumzi inainua tumbo. MRI ya kawaida ya mtu mzima inataka atulie dakika kadhaa kwa kila seti ya picha, na akitikisika picha inaharibika. Taarifa ya kwanza ya MRI kwa wajawazito ilitoka Aberdeen, Scotland, mwaka 1983, na picha za wakati ule zilimwonyesha mtoto akiwa na ukungu. Madaktari wengine wakajaribu kumtuliza mtoto kwa dawa za usingizi kupitia kwa mama, au kwa kuchoma sindano ya kulegeza misuli moja kwa moja kwenye mshipa wa kitovu. Pale ambapo mtoto ana tatizo kubwa na uamuzi mzito unasubiri, labda mtu angekubali hatari hiyo. Kwa mtoto mwenye afya, anayetazamwa ili tujifunze tu, isingewezekana wala isingefaa. Kwa hiyo kwa muda mrefu MRI ilibaki ya wagonjwa, na watoto wenye afya hawakuwa na picha.

Miaka ya 1990 ilileta mbinu za kupiga kipande kimoja cha ubongo kwa muda usiozidi sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo mtoto hata akisogea, kipande hutoka safi. Unachopata ni mkusanyiko wa vipande vyenye unene wa milimita mbili hadi nne, kila kimoja kizuri peke yake, lakini kati ya kipande na kinachofuata kichwa kimeshageuka. Ukivipanga kwa mfuatano unapata ubongo uliovunjika: jicho liko hapa, kisogo kiko pembeni, sehemu moja imepigwa mara mbili na nyingine imerukwa. Daktari mwenye uzoefu anaweza kusoma kipande kimoja kimoja na kuunganisha kichwani mwake. Mtafiti anayetaka kupima ujazo wa ubongo kwa mililita hawezi.

Hapa hesabu ilifanya kazi ambayo sumaku isingeweza. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kundi la François Rousseau likiwa miongoni mwa ya mwanzo mwaka 2006, watafiti walitengeneza programu zinazopokea vipande vilivyopigwa kwa uelekeo wa aina tatu: kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu. Kompyuta hukisia kila kipande kilikuwa wapi kichwani wakati kinapigwa, hujenga ubongo wa kwanza wa kukadiria, hulinganisha kila kipande na ubongo huo, hurekebisha mahali pake, hutupa vilivyoharibika, kisha hujenga upya. Hurudia hivyo mpaka ubongo utulie kwenye skrini, ukionyesha hata sehemu yenye upana wa milimita moja au chini yake pande zote. Mtoto alikuwa anacheza wakati wote huo. Binafsi naona hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, kwa sababu ndiyo iliyomruhusu mtoto mzima, asiye na ugonjwa wowote, aingie kwenye utafiti bila kudungwa chochote.

Basi, nini kinaonekana?

Wiki ya 20 ubongo kwa nje ni laini kama punje ya karanga iliyomenywa. Kuna kibonyeo kimoja tu kikubwa ubavuni, kitakachokuwa bonde la Sylvius. Mtu aliyezoea kuona ubongo wa mtu mzima, wenye mikunjo tele, angeshtuka. Lakini ndani kuna msongamano wa kazi. Picha ya MRI ya umri huu inaonyesha matabaka ambayo mtu mzima hana tena. Kando ya vyumba vya maji kuna tishu nyeusi iliyojaa seli: hapo ndipo seli za neva zinapozaliwa. Zikishazaliwa hupanda kwenda juu zikishikilia nyuzi ndefu zilizonyooka kutoka ndani mpaka nje, hadi zifike kwenye gamba la ubongo, ambalo nalo ni jembamba na jeusi kwa wingi wa seli. Katikati kuna tabaka nene lenye kung'aa, lililojaa maji na nafasi wazi. Tabaka hilo la chini ya gamba ni la muda tu. Nyuzi zinazotoka kwenye thalamasi, kituo kinachopokea habari za macho, masikio na ngozi, hufika hapo na kungoja kwa wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye gamba, kuanzia karibu wiki ya 24. Katika kilele chake, kuelekea wiki ya 29, tabaka hili linaweza kuwa nene mara nne ya gamba lenyewe. Baadaye linayeyuka taratibu.

Fikiria maana yake kwa msomaji wa picha. Uangavu mwingi chini ya gamba kwa mtu mzima ni dalili ya ugonjwa. Kwa mtoto wa wiki 28, kukosekana kwa uangavu huo ndiko kunakopaswa kuogopesha. Hata rangi zimegeuka: sehemu za ndani zenye nyuzi, ambazo kwa mtu mzima huonekana nyeusi kwenye aina hii ya picha, kwa mtoto ni nyeupe, maana nyuzi zake bado hazijavikwa mafuta yanayozikinga. Uvikaji huo huanzia shina la ubongo na kupanda juu polepole, na sehemu kubwa yake hufanyika baada ya kuzaliwa.

Mikunjo hufuata ratiba yenye nidhamu ya ajabu. Baada ya bonde la Sylvius, mifereji ya upande wa ndani na wa nyuma ya ubongo hutangulia, ile inayohusika na kuona ikiwemo. Mfereji wa kati, unaotenganisha sehemu inayoamuru misuli na ile inayopokea mguso, huonekana wazi kwenye MRI karibu wiki ya 26 au 27. Kuanzia wiki ya 30 mikunjo midogo hujitokeza kwa haraka, na wiki ya 34 au 35 sura ya ubongo imeanza kufanana na ya mtoto aliyezaliwa. Majedwali ya mwaka 1977 huweka mikunjo mingi wiki moja au mbili mapema kuliko MRI, kwa kuwa jicho likiutazama ubongo wenyewe huona mkwaruzo ambao mashine bado haijaukamata. Ndiyo sababu MRI ilihitaji majedwali yake.

Lipo jambo moja linalonishangaza kila ninapolisoma. Nusu mbili za ubongo haziendi sawa. Mfereji wa juu wa sehemu ya pembeni, eneo linalohusiana na usikivu na lugha, hutokea upande wa kulia kabla ya kushoto. Madaktari wa 1977 waliliona kwa waliofariki. Mwaka 2011 watafiti wa Vienna wakalithibitisha kwa MRI ya watoto walio hai tumboni. Kabla mtoto hajasikia neno hata moja la mama yake, ubongo wake tayari umeshagawa pande. Asiyejua hilo, akiona kulia kuna mkunjo na kushoto hakuna, angeandika "hitilafu" kwenye karatasi.

Utafiti umeenda mbele ya umbo. Mwaka 2013 kundi la Detroit, Marekani, lilipima watoto 25 wenye afya wa wiki 24 hadi 38, likifuatilia mabadiliko madogo ya damu yenye oksijeni ndani ya ubongo. Liliona maeneo ya nusu ya kulia yakienda pamoja na wenzao wa kushoto, na uhusiano huo ukiimarika kadiri wiki zinavyoongezeka. Ni picha za ubongo unaoanza kuzungumza na nafsi yake. Tusizidishe, hata hivyo. Hakuna aliyeona wazo wala tabia, na anayemwahidi mzazi kwamba MRI ya tumboni itamwambia mtoto atakuwa na akili kiasi gani anamdanganya.

Picha za watoto wengi zikishakusanywa, hupangwa kwa wiki na kuunganishwa kuwa ubongo wa wastani wa kila wiki. Watafiti huuita atlasi. Mwaka 2017 hospitali ya watoto ya Boston ilichapisha atlasi ya wiki ya 21 hadi ya 38, iliyotokana na watoto 81 wenye afya. London, mradi mkubwa wa vyuo vya King's, Imperial na Oxford ulikusanya picha za watoto kuanzia tumboni hadi baada ya kuzaliwa. Sasa daktari anaweza kuuweka ubongo wa mtoto mmoja kando ya wastani wa wiki yake na kupima tofauti kwa namba.

Kando ya wastani wa wiki yake. Hapo ndipo penye shida yetu.

Mama wa Chamwino au Bahi akiulizwa alikosa siku zake lini, mara nyingi atajibu kwa msimu. Tulikuwa tunapalilia. Mvua zilikuwa zimeanza. Tulikuwa tumeshavuna uwele. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na palizi peke yake inaweza kuchukua zaidi ya mwezi. Nesi ataandika tarehe kwenye kadi ya kliniki kwa sababu kadi inataka tarehe. Tuseme tarehe hiyo inampa mtoto wiki 30, wakati kwa kweli ana wiki 26. Akipigwa MRI, mfereji wa kati ndio kwanza unachomoza, mikunjo midogo hakuna, kichwa ni kidogo. Ukimlinganisha na atlasi ya wiki 30, ubongo wake umechelewa vibaya. Ukimlinganisha na ya wiki 26, hana tatizo lolote. Mashine ya mabilioni ya shilingi imetoa jibu la uongo kwa kosa la kadi ya karatasi.

Dawa ya kosa hilo ipo, na ni altrasaundi ya mapema. Katika miezi mitatu ya kwanza, urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni hutoa umri wa mimba kwa kupishana na ukweli siku tano hadi saba. Baada ya wiki ya 28, altrasaundi ya kwanza inaweza kukosea kwa wiki tatu, maana watoto wakikua hutofautiana miili. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na mimi ningesema kwa Dodoma ifanyike mapema zaidi kila inapowezekana. Najua kwa nini akina mama huchelewa. Mimba changa haitangazwi, kituo kiko mbali, na nauli ya bodaboda ni ya kuhesabiwa. Lakini kipimo kile cha dakika chache, kikiandikwa vizuri kwenye kadi, kinabeba thamani ya kila kipimo kitakachofuata hadi kujifungua.

Na yule mama wa milimita 11? Kipenyo cha chumba cha maji cha pembeni, kikipimwa mahali sahihi, hubaki chini ya milimita 10 katika kipindi chote cha nusu ya pili ya mimba. Ni mojawapo ya vipimo vichache ambavyo havibadiliki sana kwa wiki, na ndiyo maana vinapendwa. Kati ya milimita 10 na 12, pasipo kasoro nyingine yoyote, zaidi ya asilimia 90 ya watoto huendelea vizuri. Neno zito hapo ni "pasipo kasoro nyingine", kwa kuwa kuithibitisha si kazi rahisi kwa altrasaundi peke yake. Utafiti wa Uingereza uitwao MERIDIAN, uliochapishwa mwaka 2017 chini ya Paul Griffiths wa Sheffield, ulifuatilia watoto 570 waliohisiwa kuwa na kasoro ya ubongo. Altrasaundi ilipata utambuzi sahihi kwa asilimia 68. Ilipoongezwa MRI, usahihi ulifika asilimia 93. Kwa mzazi, tofauti hiyo inaweza kumaanisha kulala usingizi, au kujiandaa mapema kujifungulia mahali penye upasuaji wa ubongo wa watoto.

Kuna yale ambayo MRI haiwezi kuyawahi. Mfereji wa neva, ambao usipoziba mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wamebeba. Kinga yake ni asidi ya foliki kabla ya mimba, na ndiyo maana serikali ilianza kutaka unga wa ngano unaosindikwa viwandani uongezwe kirutubisho hicho miaka ya 2010. Lakini chakula cha vijijini Dodoma ni ugali wa mtama, uwele na mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini, ambako hakuna kinachoongezwa. Akina mama hao hawafikiwi na unga wa dukani, na kwao vidonge vya foliki vingepaswa kuanza kabla ya kadi ya kliniki kufunguliwa.

Swali jingine ni la haki. Atlasi hizi zimejengwa kwa ubongo wa nani? Nyingi zimetoka Ulaya, Marekani Kaskazini na China. Je, zinamfaa mtoto wa Kongwa? Jibu la uaminifu lina pande mbili. Mradi wa INTERGROWTH-21st ulipima ukuaji wa watoto tumboni katika nchi nane, Kenya ikiwemo kupitia Nairobi, na matokeo yake ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba akina mama wakiwa na afya njema na lishe nzuri, vichwa vya watoto hukua kwa namna inayofanana sana popote walipo. Mwaka 2023 Ana Namburete wa Oxford na wenzake walitumia altrasaundi za mradi huohuo kujenga atlasi ya ubongo ya wiki ya 14 hadi ya 31, kutoka kwa watoto waliofuatiliwa hadi umri wa miaka 2 na kuonekana wanaendelea vizuri. Hiyo ni habari njema, na inatuonya tusikimbilie kudai kwamba ubongo wa Mwafrika una kawaida yake pekee. Upande wa pili ni kwamba mtoto wa mama mwenye upungufu wa damu, aliyepata malaria katika mimba, au aliyepita miezi ya njaa kabla ya mavuno, hayumo katika atlasi hizo kwa makusudi, kwa sababu zilitafuta akina mama wenye afya. Tukitaka kujua hali hizo zinafanya nini kwa ubongo unaokua, ni sisi wa kupima.

Watoto wanaozaliwa njiti nao wana haki katika elimu hii. Wiki ya 34 ubongo una takriban asilimia 65 ya uzito utakaokuwa nao mimba ikitimia, na ubongo mdogo wa kisogoni, unaoratibu mwendo, huongezeka ujazo karibu mara tano kati ya wiki ya 24 na ya 40. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28, anayelala kifuani kwa mama yake kwa njia ya kangaruu, anafanya ukuaji huo nje ya tumbo. Huwezi kujua amepungukiwa nini mpaka umjue mwenzake aliyebaki ndani.

Dodoma ina hospitali ya rufaa ya mkoa, ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ina chuo kikuu kinachosomesha madaktari. Mashine za MRI nchini bado ni chache na foleni yake ni ya majeruhi wa ajali, migongo na saratani. Sitegemei mjamzito mwenye afya apewe nafasi kesho. Teknolojia lakini inaelekea upande wetu. Watafiti wa King's College London wamekuwa wakitumia kwa wajawazito mashine ya tesla 0.55, yenye mlango mpana wa sentimita 80 na inayohitaji heliamu chini ya lita moja, wakati mashine za kawaida hubeba zaidi ya lita 1,000 za heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. (Heliamu yenyewe imegunduliwa kwetu Rukwa, ilitangazwa mwaka 2016. Sina hakika wangapi wetu huikumbuka tunapozungumzia gharama za MRI.)

Utafiti wa ubongo wenye afya Dodoma ungeanzia kliniki ya wajawazito. Akina mama wapimwe umri wa mimba kabla ya wiki ya 14, wafuatiliwe damu, malaria na lishe, wapigwe MRI mara moja katikati ya mimba na mara moja kuelekea mwisho, kisha watoto waonekane tena wakiwa na miaka 2, kwa vipimo vya kutembea, kushika na kusema vilivyotungwa kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Kibali cha maadili kingepitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Na kamati ingeuliza swali moja ambalo ni lazima lijibiwe mapema: mama amejitolea akiwa mzima, hana malalamiko, na picha inaonyesha kitu. Nani atamwambia, kwa lugha gani, na atapelekwa wapi kutibiwa mtoto wake? Majibu ya maswali hayo yawe yameandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na kitanda cha rufaa kiwe kimeshapatikana, kabla mama wa kwanza hajaingizwa kwenye mashine.